Ufa Uliokuwa na Kutu

Kijiji cha Ujamaa, Masanze,
Kilosa.
9 Novemba 1975

Mpendwa kaka Yeremia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tabora, wewe na shemeji Raheli na watoto, na kwamba ule mguu ulioangukiwa na chuma karakanani umepona. Mama bado anakohoa asubuhi lakini analima, na ukimwambia apumzike anakuuliza kama wewe ndiye utakayemlimia. Mimi mwili hauna ugonjwa. Usingizi na chakula ndivyo vimenikimbia.

Mvua za vuli zimechelewa, mahindi tuliyopanda kwa pupa yanasinyaa. Hayo siyo niliyotaka kukuandikia.

Kaka, nimeharibu. Nakuandikia wewe kwa kuwa ni fundi wa reli, na kwa kuwa mficha uchi hazai.

Unakumbuka mwezi wa tano nilikuandikia kwamba kijiji kimenunua Landrova kuukuu kwa bwana mmoja aliyekuwa akifunga shamba lake la mkonge kule Kimamba. Mkutano ulinichagua mimi nikaikague, maana nimekaa miaka kumi na moja na korona, ile mashine ya kusindika mkonge, na nilikuwa najisifu kwamba injini ikikohoa Kimamba mimi naisikia nikiwa Masanze. Nilikwenda, nikaisikiliza, nikarudi nikawaambia ni nzima. Walinipigia makofi. Udereva akapewa Mathias, mume wa mdogo wetu Agnesi.

Sasa gari limekufa. Wiki tatu zilizopita Mathias alikuwa anatoka Ruhembe na shehena ya vipando vya miwa, na Mwenyekiti wetu, Ndugu Lupakisyo, ameketi naye mbele. Karibu na Mikumi rejeta ikachemka. Mathias akasimamisha gari, akasubiri (mwenyewe anasema alivuta sigara mbili zikaisha), kisha akateka maji kijitoni akamimina. Walipoondoka injini ikatoa moshi mweupe, ikagonga, ikazima. Walivutwa kwa trekta hadi nyumbani.

Mwenyekiti anasema ameona kwa macho yake maji baridi yakitiwa kwenye injini ya moto, na kila mwenye jiko anajua chungu cha moto kikitiwa maji baridi kinapasuka. Si mtu mbaya, na kuhusu chungu hakukosea. Ila neno linalotembea kijijini sasa ni hujuma. Mathias amenyang'anywa ufunguo. Jumamosi ya tarehe 22 mkutano utakaa, na wakiridhika kwamba ndiye aliyeipasua injini, atapelekwa polisi, na Agnesi na watoto watatakiwa kuhama. Ahamie wapi, kaka, na mimba ya miezi saba?

Na kamati, kwa kuniheshimu, imenipa mimi kazi ya kuifungua injini niseme kilichoiua.

Nimeifungua. Oili ilitoka rangi ya chai ya maziwa, nikajua maji yameingia ndani. Nikamwomba Mungu iwe gasketi tu imeungua, kitu cha kubadilishwa. Nikang'oa kifuniko cha silinda, gasketi nikaikuta nzima kabisa. Basi nikafanya kama ulivyonifundisha ulipokuja likizo. Nikapaka mafuta ya taa kwenye bloki, nikaifuta ikakauka, nikasaga chaki niliyoomba kwa Mwalimu Verdiana, nikainyunyiza, nikakaa kusubiri. Baada ya muda mafuta yaliyojificha yakatokeza, mstari mweusi ukajichora kwenye chaki, kati ya silinda ya pili na ya tatu, urefu wa kidole changu cha shahada.

Ufa ule si wa Mikumi. Nimeukwangua kwa sindano. Ndani umejaa kutu ya siku nyingi, na juu ya kutu kuna gundi ngumu ya kijivu ambayo mtu aliipachika akaisugua mpaka ikalingana na chuma. Hakuna anayeziba ufa ambao haujatokea. Injini ilipasuka kabla Mathias hajashika usukani. Mimi ndiye niliyekinunulia kijiji maiti.

Najua utasema basi waambie hivyo, shemeji yako apone. Kwanza, mimi ni shemeji yake, watasema namkingia kifua. Lakini kuna jingine, na hili sijamwambia mtu.

Siku ile Kimamba nilifika saa nne, nikakuta injini tayari ina moto. Fundi yeyote angejiuliza kwa nini, angengoja ipoe, maana ufa hujibana chuma kikipata moto. Nikachungulia oili, ni mpya, nikafurahi, kwa sababu korona yetu ilikuwa ikibadilishiwa oili kila Jumamosi na kwangu mimi oili mpya ni heshima. Sikujiuliza inaficha nini. Nilipoinama nifungue plagi nione kama zina dalili ya maji, yule bwana akaniletea sanduku la spana, seti nzima, kila spana katika nafasi yake, akasema anahama na hana wa kumwachia. Unajua nimefunga nati kwa koleo la kuazima maisha yangu yote. Nikashukuru. Plagi sikuzifungua tena. Niliona haya kumpekua mtu aliyenitendea wema.

Kijijini nilisema spana nimezinunua.

Spana hizo hizo ndizo nilizofungulia injini. Mara mbili nimeufuta ule mstari kwa kitambaa, nikajiambia labda macho yamenidanganya. Nikanyunyiza chaki upya, ukarudi pale pale. Nimechoka, kaka. Naogopa watu walionipigia makofi, na namwogopa Agnesi kuliko wote.

Katika bahasha nimekunja kipande cha ile gundi pamoja na kutu iliyoshikamana nayo. Kitazame, kisha uiandikie kamati unachokiona, wewe ambaye, ingawa nawe ni shemeji yake Mathias, hukuwapo Kimamba na hukupewa kitu. Barua nampa gadi wa treni ya kesho. Jibu lako lisipowahi, itanibidi nisimame mwenyewe nibebe na lile sanduku nilifungue mbele yao. Nakuandikia hilo ili nisipate pa kurudi nyuma, maana najijua, ninaweza kukaa kimya mpaka mkutano uishe.

Nisalimie shemeji Raheli, na mwanao Paulo mwambie aache kupanda mabehewa. Mama anakuombea kila jioni. Shangazi Teresia anauliza lile shuka la zamani ulilomwahidi.

Agnesi naye anakusalimu. Kila mchana ananiletea chakula hapa penye gari. Leo amenikuta naandika, akasema nikufikishie neno lake, kwamba anamshukuru Mungu kazi ya kulipima gari nimepewa mimi, kwa kuwa mtu baki angemwonea mume wake.

Mungu akulinde kazini, kaka, na anisaidie mimi hiyo tarehe 22.

Mdogo wako akupendaye,
Nikolaus