Mota Iliyomshinda Injinia

Jumapili, 2 Februari

Haya, leo nimeahidiwa. Mbele ya shahidi!

Tulikuwa mezani watatu: mimi, baba watoto, na wifi yangu, yaani dada yake. Nikatoa habari. Chuo cha ufundi kule juu kilimani kimenichukua nikafundishe kushona. Naanza Jumatatu, tarehe 3 Machi, saa moja na nusu asubuhi. Wifi akapiga vigelegele hadi kijiko kikamtoka mkononi. Baba watoto akaendelea kutafuna. Baada ya muda akauliza: utafikaje? Swali la maana, sikatai. Gari la kwanza kwenda huko ni saa mbili. Kilima kimesimama wima. Na goti langu hili limechoka, miaka kumi na minane ya kukanyaga cherehani.

Wifi akadakia: si wewe ni fundi mota? Mtengenezee mkeo baiskeli ya umeme!

Kanaswa. Akavimba kifua papo hapo. Wiki mbili tu, akasema, utapanda kilima kile umekunja nne. Na kwa nini asiweze? Tangu ujana wake anasuka mota za pampu na feni: anavua koili zilizoungua, anazungusha waya mpya. Mtaa mzima unamwita Injinia. Mimi namwita hivyo nikiwa nimekasirika.

Alhamisi, 6 Februari

Gurudumu la mota limefika. La mtumba. Nilitegemea kuona mota imening'inia mahali, na mkanda kama wa cherehani. Hakuna! Ni gurudumu tu, lina kitovu kinene kama birika. Mota imo ndani ya hicho kitovu. Kwenye ekseli zinachomoza nyaya tatu nene, zote nyeusi tii, na kifurushi cha nyembamba. Zote zinaenda kwenye kisanduku kiitwacho kontrola, na kontrola inaenda kwenye betri.

Injinia amelizunguka mara nne huku ameshika kidevu. Nikamwuliza kama anapeleka posa.

Jumanne, 11 Februari

Jaribio la kwanza. Baiskeli imegeuzwa miguu juu kibarazani. Akawasha, akazungusha mkono wa moto, ule wa usukani unaoongeza mwendo.

Gu-gu-gu-gu-gu.

Gurudumu halikuzunguka. Lilitetemeka tu, kama mtu mwenye homa, huku linanguruma. Injinia akazima. Akatoa kauli: hii mota ni ya kisasa mno, inataka vipimo. Nikasema, ahaa. Mganga hajigangi.

Ijumaa, 14 Februari

Uzi wangu wa zambarau haupo! Na wa njano umebaki kigutu. Mwizi ninaye ndani.

Ndiyo tabia yake. Mota ikishapona, kila waya anaufunga uzi wa rangi, na waya unaopokea upande wa pili anaufunga rangi hiyo hiyo, ili siku akiifungua tena asibahatishe. Ana msemo wake: mota isiyopona haifungwi uzi. Msemo mzuri. Uzi ni wangu.

Nimeuliza ni mota gani iliyopona leo. Akasema ni feni ya kinyozi. Sawa.

Jumapili, 16 Februari

Wiki mbili zimeisha. Gu-gu-gu.

Nimemwambia nieleze basi hicho kidude kinafanyaje kazi, maana kama kinakushinda, labda tukisema wawili kitaona aibu. Nilikuwa namchokoza. Yeye akafurahi! Macho yakawaka. Akaacha chai ipoe.

Kwanza alichukua msumari, akauzungushia waya, akaugusisha kwenye betri ya tochi. Msumari ukanyakua pini zangu. Akakata umeme, pini zikaanguka. Umeme ukipita kwenye koili, chuma kinakuwa sumaku, ukikatika kinarudi kuwa chuma tu. Hilo tu, akasema, mengine yote ni mapambo.

Kisha akachukua sufuria, akabandika sumaku ubavuni kwa ndani, akaifunika juu ya mtungi mdogo. Sufuria ndiyo gurudumu. Mtungi ndio koili, zimekazwa kwenye ekseli, haziendi popote. Koili ya kwanza inaita, njoo! Sumaku inakuja. Ikikaribia kufika, ya kwanza inanyamaza, ya pili inaita. Ikikaribia, ya pili inanyamaza, inaita ya tatu. Kontrola ndiyo inayojua zamu ya nani. Masikini sumaku hawahi kufika, anaitwa tu, na kwa sababu hafiki, gurudumu linazunguka.

Nikasema: kumbe namjua huyo sumaku. Ni mimi na ahadi zako.

Alicheka kweli. Nikauliza, na ekseli isipokazwa? Akasema hapo balaa. Gurudumu liko chini, limebeba mtu, ni zito. Kwa hiyo ekseli ndiyo itakayozunguka, na nyaya zijinyonge zikatike. Ili kimoja kizunguke, lazima kingine kishikwe.

Nikaokota pini zangu. Nilikuwa nafikiria nani kashikwa nyumba hii.

Alhamisi, 20 Februari

Mwenye bustani kaleta pampu asubuhi, imeungua hadi inanuka. Jioni kaondoka nayo inapiga maji. Siku moja! Koili zote zimesukwa upya.

Na baiskeli yangu? Gu-gu-gu. Eti mota ya baiskeli ni kabila jingine. Kisha, huku anafuta mikono: labda uwaambie chuo wakusubiri muhula ujao.

Nikamwuliza kama mwenye bustani naye aliambiwa asubiri mvua.

Jumamosi, 22 Februari

Nilikuwa nakunja marinda, yeye yuko pale pale anapokaa siku zote, hatua chache kutoka kwenye cherehani yangu. Tumefanya kazi hivi kibarazani tangu watoto wakiwa wachanga. Sasa wamehama, tumebaki na redio.

Nikamwuliza, lakini kwa nini inatetemeka? Haikatai kabisa, haikubali kabisa.

Akaanza tu, hakujizuia. Mtu huyu umwulize habari ya mota yuko usingizini, atajibu. Akasema ni zamu. Zile nyaya nene tatu zikipishana, anayepaswa kuita wa pili anaita wa tatu, wa tatu anadakia. Sumaku anavutwa huku, kabla hajatoka anavutwa kule. Hajui amwitikie nani, anabaki kutetemeka. Dawa yake ni kubadilisha tu waya mbi—

Akaomba chai. Nikamwambia iko mkononi mwako.

Jumatatu, 24 Februari

Wifi kapita. Kauliza baiskeli. Injinia kajibu kwa lugha ya wataalamu hadi dada yake akapiga miayo. Mimi nakata kitambaa, namsikiliza. Wiki moja imebaki. Nimeshashona sketi ya kuanzia kazi. Nimeificha kabatini kama nimeiba.

Jumatano, 26 Februari

Ngoja nikae.

Ameenda kufunga pampu kwa mteja. Nikasema, nyaya ni tatu tu, nami nina akili zangu. Nikachukua wembe wa kufumulia, nikakata ile tepu nyeusi.

Chini ya tepu kuna nyuzi.

Nyuzi zangu! Zambarau, njano, nyeupe upande wa mota. Zambarau, njano, nyeupe upande wa kontrola. Fundo ni lake, lile la kuzungusha mara mbili nililomfundisha mwenyewe. Mota isiyopona haifungwi uzi. Lakini zambarau ya mota imeunganishwa na njano ya kontrola. Njano imeunganishwa na zambarau.

Nikazifungua. Zambarau kwa zambarau, njano kwa njano. Nikawasha.

Ssssss. Gurudumu limezunguka laini mpaka njiti zake hazionekani! Upepo wake umenipeperusha kanga. Nilipiga kelele peke yangu kama mwendawazimu.

Halafu furaha ikaisha yote.

Kumbe uzi uliibiwa tarehe 14. Siku hiyo ilishapona. Akaifunga nyuzi kama ada, mkono umezoea, kisha akazipishanisha na kuzifunika kwa tepu. Na mimi karibu wiki mbili namcheka kwamba mota imemshinda! Aliyechekwa ni nani? Nimekasirika mpaka nimekula chakula chake chote.

Nimezirudisha vile vile alivyozipishanisha, na tepu juu. Mdomo umemponza kichwa, nami wangu nitaufunga. Tuone.

Alhamisi, 27 Februari

Nimesema asubuhi, kwa sauti ya kuulizia chumvi: chuo wana vyumba vya walimu, kwa kuwa baiskeli imegoma nitalala huko, nitakuwa narudi Ijumaa.

Ameweka sukari kwenye chai. Akaweka tena. Akaweka tena. Akainywa yote, mbishi yule.

Ijumaa, 28 Februari

Muujiza!

Alfajiri kaniamsha, eti amepata wazo usingizini. Nikamfuata kibarazani. Ssssss. Akageuka kuniangalia kama mtoto aliyevunja kikombe halafu akakigundisha. Nami nikashika mashavu. Nikasema, mume wangu, akili gani hizo! Nikapiga vigelegele mpaka kinyozi akatoka na sabuni mkononi. Watu wakajaa. Injinia akawaelezea koili zinavyoitana kwa zamu. Kaeleza vizuri, lazima nikiri. Hakuna aliyejua kwamba mimi ningeweza kumsahihisha.

Jumapili, 2 Machi

Nilikuwa nimeapa kunyamaza. Nilijitahidi!

Ila wifi alikuja kula, na kaka yake akaanza tena, wazo lilivyomjia ndotoni, wengine wangekata tamaa. Na mimi nina kijiko cha kupakua mkononi. Nikasikia mdomo wangu unasema: na katika hiyo ndoto, nani alikuwa amezifunga nyuzi zangu tarehe 14?

Wifi akamtazama kaka yake, akanitazama mimi, kisha akakumbuka ameacha nguo juani. Jua lenyewe halikuwepo.

Tukabaki wawili. Nikamwambia yote. Nilimshushia maneno kama mvua: kwamba ningejua amekataa ningemheshimu, lakini kunichezea na tepu! Kunifanya nimwonee huruma! Kwamba nimekaa pale kibarazani miaka kumi na minane nikikanyaga, yeye ndiye anayezungukazunguka kwa wateja, na zamu yangu ya kuitwa ilipofika akapishanisha nyaya.

Alikuwa anaangalia sahani. Hakubisha hata kidogo. Mwisho akasema, taratibu: na mimi nishinde na nani?

Hilo tu. Basi.

Nikaosha vyombo kwa fujo. Akavifuta.

Jumatatu, 3 Machi

Nimevaa. Sketi imenikaa. Naandika nimesimama.

Ameamka kabla yangu. Nimesikia pampu ya mkono, kisha spana. Nimechungulia dirishani: amepiga magoti nyuma ya baiskeli, anakaza nati za ekseli. Anakaza upande huu, anahamia ule, anarudi. Nati zile hazitalegea mpaka kiama.

Sikumwamini. Nimetoka na mkasi, nikamwambia samahani, nikaikata tepu. Amesimama pembeni, mikono mgongoni, kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha. Zambarau kwa zambarau. Njano kwa njano. Nyeupe kwa nyeupe. Nikamrudishia tepu, akafunga upya. Akasema betri imejaa. Nikasema ahsante. Akasema kuna chai ndani. Ndiyo nimeingia kuinywa. Sukari sawa.

Kaweka redio karibu na meza yake. Cherehani yangu kaifunika kwa kitambaa, hata sikumwomba. Nimeiona nikageukia ukutani, pumbavu kabisa, na wanja nimeshapaka.

Anaita. Saa kumi na mbili na nusu. Anasema nipande, atanishika kidogo mwanzoni nisianguke. Mimi! Nimeendesha baiskeli kabla hajanijua.

Nimemwambia naja. Namwona hapa dirishani, ameshaielekeza baiskeli barabarani. Ameshika kerieri ya nyuma kwa mikono miwili, miguu kaipanua, kakaza. Amekaza kweli kweli. Nitapanda, nitazungusha mkono wa moto, na mota itavuta upande wangu, naye sijui kama ataachi—

Anaita tena.