Tope Nyuma ya Kabati

Uingereza, 3 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Na Mama mpe shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana nakujua utasahau. Mimi mzima, ila mafua ya huku hayajui kiangazi. Mguu wako unaendeleaje?

Nimebadilishiwa kazi. Sasa namtunza bibi wa miaka themanini, Bibi Hilda, kwenye jumba kongwe la kijiji. Lilijengwa miaka mia tano iliyopita na bwana aliyemiliki mashamba yote ya hapa. Wewe fundi ungelipenda. Nguzo na boriti ni nyeusi tii, zimeungwa kwa vigingi vya mti bila msumari hata mmoja. Ghorofa ya juu imetokeza mbele kuliko ya chini, na sakafu imelala upande, ukidondosha limau linakwenda lenyewe mpaka mlangoni.

Lakini jana nimeona kitu kikanitia huruma. Ukutani sebuleni pamebanduka, tundu la ukubwa wa sinia, na ndani ni fito na tope. Tope kabisa, Baba. Na Jumamosi wageni huja kulitazama jumba. Nikaona bibi wa watu ataaibika, nikasukuma kabati nikafunika. Sijamwambia mtu.

Mwanao, Faudhia


Chilangala, Newala, 30 Agosti 2024

Mwanangu Faudhia,

Marahaba. Mama yako kaipokea shikamoo yake, anasema ule. Mguu huuma nikifanya kazi, na kazi sina, kwa hiyo hauumi. Siku hizi hakuna anayemwita fundi wa miti na udongo.

Umefanya vema kumsitiri huyo bibi. Ila nieleze, hivyo vigingi wanavipiga vikavu au vibichi?

Kaka yako Mudathiri alikuja kutoka Masasi. Anasema korosho zikishauzwa atabomoa nyumba hii ajenge ya matofali. Nimekubali. Niliijenga mwaka uliozaliwa, nami nilidhani nitaiacha imesimama. Lakini mwaka juzi ulipokuja na wenzako mkalala gesti Newala mjini, nilielewa. Sikukulaumu. Nyumba ya udongo unamwonyeshaje mgeni wa Ulaya?

Baba yako


Uingereza, 27 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, chai ikapoa.

Kwanza nijicheke mwenyewe. Jumamosi iliyofuata barua yangu ya kwanza, Bibi Hilda aliwaleta wageni sebuleni, akakuta kabati. Akauliza tundu limekwenda wapi. Ikabidi nilisukume mbele ya watu wote, nikaeleza kwa nini nililificha. Bibi alicheka mpaka nikamletea maji. Kumbe tundu lile limeachwa makusudi, na watu wanatoka mbali kuja kuliinamia! Jumba zima ni fito zilizosukwa, udongo, majani makavu na samadi, juu yake chokaa. Ukuta wa nyuma baba yake aliupiga saruji, unyevu ukakosa pa kutokea, nguzo zikaoza. Wakaibandua yote wakarudia udongo.

Vigingi hupigwa vikavu kwenye mti mbichi. Mti ukikauka unavibana.

Sasa nisikilize. Tulilala gesti kwa sababu Mama alikuwa na wageni wa msiba na sisi tulikuwa watano. Sikuona haya, Baba. Sijawahi. Nimempigia Mudathiri, anasema Baba mwenyewe karidhia, na simu yako haipatikani. Mwambie hutaki. Nakuja Januari, nataka kulala chumbani kwangu.

Mwanao, Faudhia


Uingereza, 9 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo. Hujanijibu, na Mudathiri hapokei simu. Najua msimu wa korosho umechanganya. Niambie tu kama nyumba ipo.

Faudhia wako


Chilangala, 15 Desemba 2024

Mwanangu,

Marahaba, mara mbili, maana barua zako mbili zilikaa posta Newala mpaka Mwalimu Awadhi wa shule ya hapa alipozichukua, akaniletea siku moja.

Siku hiyo mafundi wa Mudathiri walikuwa juu ya paa. Bati za upande wa chumba chako zilishashuka tangu jana yake, mvua ya kwanza ikaupiga ukuta, nusu ukamomonyoka. Niliwaambia washuke kwanza nisome. Nikasoma kwa sauti, Mudathiri kasimama mbele yangu. Nilipofika pale uliposema hukuona haya, nilimpa barua, akanimalizia yeye.

Akaniuliza, "Baba, mbona hukusema huitaki kazi hii?"

Nikamwambia, "Hukuniuliza. Ulinipa taarifa."

Aliugeukia ukuta uliomomonyoka. Kisha akauliza tuanzie wapi. Nikamwambia avue viatu.

Ungemwona kaka yako na suruali yake ya Masasi, anakanyaga udongo wa kichuguu na majani mpaka magotini. Mama yako alisema toka mtoto huyu aoe hajawahi kumwona msafi kama siku ile. Ng'ombe hatuna, kwa hiyo samadi mwachie Bibi Hilda. Udongo tuliulaza siku mbili, ndipo majirani wakaja kukandika. Mafundi wa matofali nao hawakuondoka, na mmoja alinifuata siku nzima akiniuliza fito husukwaje. Anataka nimfundishe.

Mguu unauma sana. Nimefurahi.

Bati tumezirudisha. Ukuta wa chumba chako bado mbichi, usije kabla ya tarehe kumi. Njoo ulale kwenu.

Baba yako, fundi