Ramani ya Mwalimu na Ramani ya Mtihani

Mwalimu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na kama ungekuwepo ungeijua kwa mwendo wangu tu, nikikatiza uwanja wa shule kuja mezani kwako. Wameanguka. Kidato cha nne, watoto uliowafundisha tangu wanaingia kidato cha kwanza, wameanguka swali la ramani kwenye mtihani wa majaribio. Swali la ramani, ambalo shule yetu hapa Mugeta ilikuwa ikitamba nalo Bunda nzima. Na aliyewaangusha ni wewe.

Ngoja nikueleze, maana najua hapo ungeshaanza kupapasa miwani.

Walimu waliotunga mtihani walihitaji kipande cha ramani, wakachukua cha Mugeta. Watoto walipofungua karatasi wakaanza kutazamana na kuchekeana. Nilikuwa nasimamia chumba, nikawaona, na mimi mjinga nikacheka nao moyoni. Nikasema mwalimu wetu huko aliko ametuombea. Sikuona aliyeinamisha kichwa kuisoma ile karatasi. Aisome ya nini, na anaijua kama njia ya kwao? Wakaandika, kwa Kiingereza chao cha kuokoteza, kwamba wakazi ni wafugaji kwa sababu kuna lambo la kunyweshea ng'ombe. Lambo halimo. Wakapima barabara kwa uzi kuanzia shuleni. Shule haimo. Wakaulizwa uoto wa upande wa kaskazini, wakaandika mashamba ya pamba. Ramani iliyochapwa inasema msitu, Mwalimu, kwa sababu ilichapwa kabla mimi sijazaliwa.

Hawakuisoma ramani ya mtihani. Walijibu kwa ile ya kwako.

Ile nakala ya ramani hiyo hiyo uliyoibandika kwenye mfuko wa sembe kwa uji wa muhogo, mende wakala kona. Mama, mkeo, alinikabidhi siku ya tatu baada ya kukuzika kwenu Butiama. Alikuwa ameiviringisha ndani ya kanga, akaniambia, "Mchukue huyu mke mwenzangu, amelala chumbani kwangu miaka yote." Nikacheka katikati ya msiba, watu wakanigeukia. Nikaitundika darasani nilipopokea vipindi vyako; ningejua itanifanyia nini ningemwachia.

Maana hakuna mahali hukuweka mkono. Kalamu ya bluu kwa maji, nyekundu kwa njia. Kila Jumamosi ulipanda baiskeli ukaenda kukagua kama ramani bado inasema kweli, kama mtu anayekagua mlinzi asiyemwamini. Juu ya msitu uliandika, "Si kweli, wamemaliza kwa mkaa." Na mtoto akileta habari ya kitu kipya ulimpa kalamu akichore mwenyewe. Mimi nikiwa kidato cha pili nilichora mashine ya kusaga ya baba mdogo, nikaiweka upande usio wake wa barabara. Hukuifuta. Ulinirudisha kwa miguu, jua la saa nane, nikasimame mbele ya mlango wa mashine nitazame barabara iko mkono gani. Baba mdogo akadhani nimetumwa unga. Siku ile nilikuchukia kabisa, nakwambia leo kwa kuwa huwezi kunirudisha tena.

Unajua ni nani peke yake aliyepata swali lote? Nyangeta. Humjui, alihamia kwetu kutoka Murangi baada ya wewe kuondoka. Yeye anajua ziwa, anajua samaki wake, sato na furu, lakini hapa Mugeta hajui hata njia ya sokoni. Kwa kuwa haijui, ilimbidi asome karatasi. Wenzake wanasema amefanya dawa. Nikawaambia dawa yake ni macho.

Wiki iliyofuata nilienda Musoma kutafuta nakala safi, isiyo na kalamu ya mtu. Nilizungushwa ofisi tatu, ya kwanza wakaniuliza kama nauza kiwanja. Nikaipata. Nikaitundika mbele ya darasa, ya kwako nikaitoa ukutani, nikawaambia kuanzia leo lambo halipo, shule haipo, msitu umerudi.

Hapo ndipo Wankuru aliposimama. Wankuru yule uliyemwita mpima ardhi tangu kidato cha kwanza, na kweli ndicho anachotaka, na bila alama nzuri ya jiografia hakipati. Hakuwa na kiburi. Aliniuliza tu, "Madam, kwa hiyo niandike lambo hakuna? Si tunachotaga maji pale, hata leo asubuhi nimetoka pale."

Nikamjibu, "Utachota maji, maksi hutachota."

Darasa likacheka. Yeye akakaa. Na mimi nikabaki na chaki mkononi, nikijua nimekosea, kwa sababu kwa swali kama lile wewe ungempa kalamu. Unaona ulichonifanyia? Nikifundisha kama wewe, Wankuru anaanguka mwezi wa kumi na moja. Nikifundisha kama mtihani, namfundisha kusema halipo wakati ndoo yake bado ina matope ya pale. Ulikufa ukaniachia mafumbo, wala hukuniachia hata mtu wa kugombana naye chumba cha walimu. Meza yako amepewa mwalimu wa biashara. Anaweka chapati juu yake.

Nimehangaika siku nyingi, kisha nikarudisha ramani yako ukutani, nyuma ya darasa. Ile safi iko mbele. Sasa kila kipindi wanasoma ya mbele na kujibu ya mbele, neno kwa neno, na anayetia lambo namrudisha mwanzo. Wakimaliza wanageuza viti, wananiambia nini kimebadilika na tangu lini. Juzi Wankuru alijibu swali la mbele lote bila kosa. Kisha akageuka nyuma akasema lambo lenyewe ulilichora dogo, kwamba lilipanuliwa. Nikampa kalamu ya bluu. Nadhani atafaulu. Naogopa kulisema kwa sauti, lakini nadhani atafaulu.

Na sasa nikwambie lililonifanya niandike, maana kwa hasira hii yote nimekuwa nikilizunguka jambo jingine.

Jumapili ile ya mwisho nilipokuja kukuona hospitalini Musoma, hukuniuliza habari za darasa wala za mama. Uliniuliza, "Kale kadaraja ka mtoni wameshakamaliza?" Mimi nilikuwa nimebeba chupa ya uji, nimeambiwa huli, nina hofu. Nikakukaripia kama mtoto. Nikasema, "Mwalimu, daraja la nini sasa, kunywa uji kwanza." Ukanywa vijiko viwili, kwa kuniridhisha. Hukuuliza tena. Jumanne tukapigiwa simu.

Lala, Mwalimu. Nakuahidi kwamba watoto wako hawataandika kwenye mtihani kitu kisichochapwa. Nakuahidi pia kwamba hawatamaliza kidato cha nne bila kutembea kwa miguu yao mahali walipopasoma, na watakaponichukia kwa jua la saa nane nitavumilia. Mama hajambo. Ameanza kulima tena.

Na daraja wamelimaliza. Ni la zege, lina vyuma vyeupe pande zote mbili, na barabara imeacha kile kivuko cha mawe, imepinda mkono wa kulia kabla ya mto. Nililivuka asubuhi ile ile ya Jumapili, nikija kukuona hospitalini.

Mwanafunzi wako,
aliyekosea mashine ya kusaga