Taa Isiyo na Kasoro

Mjukuu wangu Odeta,

Marahaba. Hapa Rusimbi tunapumua tu. Mama yako anashinda ufukweni Kibirizi, lakini mvua imemharibia dagaa wote aliowaanika.

Unaniuliza, wewe unayesomea nishati huko Dar, mtu atajuaje kama umeme, kuni na mafuta vikiunganishwa vinawafaa watu kweli.

Tulipokuwa wakimbizi kambini, tuliletewa taa za sola, majiko banifu na jenereta ya kusukuma maji. Baadaye wakaja wageni kupima. Walipima kimoja kimoja. Taa iliwaka. Jiko lilikula kuni kidogo. Maji yalitoka. Wakampongeza mama yangu, wakaenda zao wameridhika. Hakuna aliyeuliza kuni zinatoka wapi, wala nani kazifuata. Dada yangu Dafroza alikuwa porini tangu asubuhi, akitafuta hizo kuni kidogo.

Hakurudi. Mengine niache.

Mimi kupima sijui, mwanangu. Najua tu kwamba mama aliitundika ile taa mlangoni kila jioni. Na kweli haikuwa na kasoro. Ilimulika njia mpaka tulipohamishwa, na Dafroza hakupita.

Bibi yako, ambaye bado anapikia kuni.