Sindano Iliyotusalimia

Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Mvua imekatika, ziwa limekuwa la kijivu, na mtaa wetu wote wa Nyalukemba uko kimya. Hakuna redio, hakuna pikipiki, hakuna mtoto anayeitwa arudi nyumbani.

Mtandao haupo tangu juzi. Naandika hapa, na ukirudi nitaweka kwenye blogu. Wasomaji wangu ni watatu, na mmoja wao ni mimi.

Nina jambo la kukiri.

Papa, baba yetu, aliuawa ndani ya gari letu, mwezi wa kwanza wa vita hivi, kwenye barabara ya Mumosho. Risasi nne zilipita kwenye bati lililo karibu na mguu wa dereva. Gari lilirudi nyumbani kwa kuvutwa. Papa alirudi siku iliyofuata. Mdogo wake, tonton Deo, ambaye ni fundi wa magari huko Cimpunda, alikata kipande cha bati kutoka gari jingine, akakibandika juu ya matundu kwa mastiki, ile gundi nzito ya kuzibia bodi, akalainisha na kupaka rangi. Ukitazama huwezi kujua. Mimi najua, kwa hiyo huwa sitazami.

Karibu na usukani kuna kadrani, kipimo kidogo cha mviringo chenye sindano, ambayo Papa aliifunga mwenyewe. Petroli yetu inauzwa kwenye vidumu kando ya barabara, na wengine wanaichanganya na mafuta ya taa. Papa alikuwa akifanya kazi kwenye maabara ya chuo na hakupenda kubahatisha. Alinunua sonde, kifaa kinachofungwa kwenye bomba la moshi ili kupima hewa iliyobaki baada ya petroli kuungua. Sonde inatuma habari kwenye kiboksi chini ya dashibodi. Kiboksi kinatuma namba kwenye kadrani na kwenye kompyuta ya moteri, yaani injini, na kompyuta inaongeza au kupunguza petroli kufuatana na namba hiyo. Papa alinieleza haya mara nyingi kuliko nilivyotaka. Sasa nakumbuka kila neno.

Wiki moja baada ya mazishi, Maman alifungua mlango wa dereva ili achukue rozari ya Papa. Moteri ilikuwa imezimwa. Funguo zilikuwa mkononi mwangu. Sindano ya kadrani ikapanda, polepole, ikafika katikati, ikabaki hapo ikitetemeka.

Maman akafunga mlango. Ikashuka.

Akafungua tena. Ikapanda tena.

"Njo yeye, Papa yenu," akasema kwa sauti ndogo sana. "Iko anatusalimia."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi, hata sasa ambapo ofisi zimefungwa na hana kazi ya kwenda, Maman anavaa vizuri, anatoka uani, anafungua mlango ule na kusema, "Bonjour, Papa Aline." Aline ni dada yangu mkubwa, mimi namwita yaya. Sindano inapanda. Maman anasubiri kidogo, anafunga mlango bila kuugonga, anarudi ndani. Alitukataza kugusa waya wowote wa gari lile.

Kukiri kwangu ni huku: tangu wiki tatu zilizopita nilijua kwa nini sindano inapanda.

Sababu niliisoma kwenye daftari la Papa. Kila kifaa cha umeme kwenye gari kina waya mweusi unaorudisha umeme kwenye betri. Mafundi wanauita masi. Papa aliandika, na kupiga mstari chini yake mara mbili, kwamba masi ya kiboksi na masi ya kadrani zifungwe pamoja, kwenye boliti moja na masi ya kompyuta ya moteri, kwenye chuma kitupu kisicho na rangi. Zikifungwa mahali tofauti, namba inadanganya.

Risasi zilikata waya zile. Tonton alipoziunga, alizifunga kwenye skrubu iliyokuwa karibu. Nilimulika tochi chini ya dashibodi, nikaiona: iko kwenye kiraka chake mwenyewe. Kiraka kimekaa juu ya mastiki na rangi, hakigusi gari sawasawa, na mastiki haipitishi umeme. Swichi ya mlango, ile inayowasha taa ya ndani, nayo alifunga masi yake hapo hapo. Ukifungua mlango, taa inawaka, na umeme wake, kwa kukosa njia ya kurudi, unapita kwenye waya za kadrani. Ndipo sindano inapanda.

Yaani anayetusalimia ni matundu yale manne.

Sikumwambia mtu. Mimi kusema mbele ya watu kunanishinda, hata darasani naandika jibu kisha namwachia mwenzangu alisome. Lakini hiyo si sababu yote. Sababu nyingine ni kwamba mchana, Maman akilala, nilikuwa natoka peke yangu na kufungua mlango ule. Nilikuwa najua kila kitu kuhusu masi, na bado nilikuwa nasema, "Bonjour, Papa."

Jumapili iliyopita, nikiwa garini na tonton na Maman, ukimya wangu ulitaka kutuua.

Huku ukifika kwenye kizuizi cha askari, ni lazima uzime taa za mbele, uwashe taa ya ndani, na ufungue mlango ili waone nyuso zenu. Usipofanya hivyo, wanapiga risasi kwanza. Tonton alifungua mlango, taa ya ndani ikawaka, sindano ikaruka juu. Kompyuta ikaamini kwamba petroli ni kidogo, ikamimina nyingi. Moshi mweusi, moteri ikakata. Askari walidhani ni hila. Mmoja aliingiza mdomo wa bunduki ndani ya gari na kuuweka shingoni mwa tonton, na tukakaa hivyo mpaka mkubwa wao alipochoka kutuuliza maswali.

Maman alisema, "Papa Aline hakutaka tupite."

Leo asubuhi uchungu wa yaya Aline ulianza. Yuko kwetu kwa sababu mume wake amekwama ng'ambo ya ziwa. Kutoka hapa mpaka hospitali kuna vizuizi viwili. Tonton alikuja kwa miguu kwenye mvua, akawasha gari, akafungua mlango ili aite watu. Moteri ikakata. Akawasha tena. Ikakata tena. Ndani, yaya alikuwa analia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Nilitoka na daftari chini ya koti.

"Profesa," tonton akasema, "kitabu itawasha moteri?"

"Ni masi, tonton. Uliifunga kwenye kiraka."

"Chuma ni chuma."

"Hiyo iko juu ya mastiki."

Akagonga kiraka kwa bisibisi. Nadhani hakuwa amefikiria kiraka kile tangu alipokipaka rangi. Akanipa bisibisi. "Basi fanya."

Maman alikuwa amesimama mlangoni, kitenge kichwani, anatutazama. Nilitarajia akataze. Yaya akapiga kelele tena. Maman akageuka, akaingia kwa yaya.

Nililala kifudifudi kwenye zulia la gari. Jambo moja sijaweza kulieleza. Milango yote ilikuwa imefungwa, tonton ndiye aliyenifungia kwa ajili ya mvua, na ufunguo ulikuwa nje kwake. Nilipoinua macho, sindano ilikuwa katikati, imetulia, haitetemeki. Labda maji yalikuwa yameingia nyuma ya kiraka. Labda.

Nililegeza skrubu. Sindano ikaanguka.

Nilizipitisha waya kwenye tundu la kwenda upande wa moteri. Tonton alikwangua rangi na kutu mpaka chuma kikang'aa, tukazifunga zote kwenye boliti ya masi ya kompyuta. Swichi ya mlango tukaitafutia mahali pake, mbali na nyingine. Nikapima kwa testa ya Papa, kutoka waya mweusi mpaka betri. Sifuri, hakuna umeme unaopotea njiani. Tonton akawasha gari. Nikafungua mlango, nikafunga, nikafungua. Sindano ilibaki kwenye kumi na nne na kitu, yaani hewa kwa kila kipimo kimoja cha petroli, pale Papa alipopenda. Moteri haikushtuka.

Kizuizi cha kwanza, tulizima taa za mbele, tukawasha ya ndani, tukafungua mlango. Askari aliangalia tumbo la yaya kwa muda mrefu. Moteri ilinguruma taratibu wakati wote huo. "Pitisha," akasema. Kizuizi cha pili hakikuwa na mtu, viti tu, na sufuria iliyokuwa bado inatoa mvuke. Hicho kiliniogopesha zaidi.

Mtoto amezaliwa saa saba. Mvulana. Yaya ni mzima, tonton amebaki naye. Mimi na Maman tumerudi kwa miguu, kwa njia za chini zisizo na vizuizi.

Tonton ameleta gari nusu saa iliyopita ili lisiporwe huko, akarudi hospitali kwa miguu. Nilikuwa kitandani, kando ya dirisha, Maman alipotoka. Alikuwa amebadilisha nguo. Alifungua mlango wa dereva, taa ya ndani ikawaka vizuri kuliko zamani.

"Papa Aline," akasema, "umepata mujukuu."

Akasubiri. Akafunga mlango, akafungua tena. Akasubiri tena. Kisha akaja ndani, akakaa kando yangu kitandani.

Nilikuwa nimeandaa maelezo yote, ya mastiki na ya umeme unaotafuta njia. Hakuyauliza.

"Mbele ya kukata ile waya," akasema, "ulimuaga?"

Sikumuaga. Nilikuwa na haraka, na nilikuwa na hakika kwamba ni umeme tu.

Kesho kukipambazuka nitafungua mlango ule. Hakuna kitakachopanda. Nitamuaga hivyo hivyo, kwa sauti ya kusikika, Maman akiwa karibu.