Miguu ya Baba Mkwe

Alhamisi. Ukungu umelala juu ya mji tangu alfajiri, mvua haieleweki kama inakuja au inaondoka, na mimi nimeamka na hasira zangu zote. Sikuja kwenye kompyuta hizi za kukodi kutafuta pole. Nimekuja kusema. Na nyinyi ndugu wa mume wangu mnaosoma blogu hii kwa siri mkidhani sijui, leo someni vizuri.

Jana tumemzika baba mkwe.

Mji mzima ulimwita Mwalimu, na mimi nitamwita hivyo hivyo, maana jina lake mkamwana halitamki, hata kwenye intaneti. Zamani, serikali ilipokuwa bado inasomesha wacheza ngoma, ilimpeleka Urusi akajifunze bale. Halafu ukaja huu wakati wa kila mtu na lwake, kundi lao likavunjwa, akarudi hapa Tukuyu, mtaani kwetu Bulyaga, na koti refu jeusi, raba nyeupe na sanduku la viatu vya bale. Akaomba ghala tupu la ushirika, akapigilia mianzi ukutani ya kushikilia, akaanza kufundisha watoto wa wakulima kusimama kwa ncha za vidole. Watu walicheka. Wazee wa kanisa walinung'unika kuhusu mapaja. Yeye hakujali hata kidogo.

Mimi nilikuwa mchezaji wake wa kwanza, na nilikuwa mzuri. Anayebisha aje nimwonyeshe.

Kosa langu ni kuolewa na mwanawe, Lugano. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe. Tunaita kutila. Hukai naye chumba kimoja, humpi kitu mkononi, na ukimsikia anakuja njiani unaingia kwenye migomba, unachuchumaa, unajifunika, macho chini mpaka apite. Nilijua hayo tangu nazaliwa. Ila mjinga mimi nilidhani mtu aliyekaa Urusi atasema mambo hayo yamepitwa. Thubutu. Baada ya harusi nilikwenda ukumbini na viatu vyangu mkononi, nikakuta mlango umefungwa kwa ndani, na mama mkwe ametumwa kuniambia kuwa mke wa Lugano hana tena mwalimu. Kwa mengine yote mzee yule alikuwa Mrusi. Kwa hilo moja alikuwa Mnyakyusa kuliko wazee wote wa kwetu Nkunga.

Nilimchukia, na sikuficha. Nilisema kisimani, nilisema sokoni, nilisema kanisani kwenye kikundi cha akina mama. Maneno hayo mliyahifadhi vizuri, naona.

Tangu siku ile sikumwona tena uso. Nilichobaki nacho ni miguu yake. Mcheza bale akizoea, hata akienda dukani vidole vya miguu vinatazama nje, kulia na kushoto, kama bata. Nikisikia kikohozi chake nilizama kwenye migomba, na chini ya kitenge changu nilitazama miguu ile ikipita. Najua mkamwana hatakiwi kutazama hata miguu. Nilitazama. Ndiyo bale pekee niliyoachiwa.

Sasa Jumamosi.

Alasiri wanafunzi walimaliza mazoezi wakawaacha watu wawili ukumbini, Mwalimu na msaidizi wake Gwamaka, wa Makandana, yule anayecheza vizuri kuliko wanaume wote tulionao. Walikuwa wanagombana. Kuna mwekezaji kutoka Dar anataka ghala lile aweke baa na disko, na Mwalimu alikuwa amegundua kwamba Gwamaka ameshamkubalia kwa siri kuwa meneja wake.

Jioni, giza likianza kuingia na mvua ikinyesha, nilikuwa nakata majani ya ng'ombe chini ya ukumbi. Nikasikia kikohozi kile. Nikaingia kwenye migomba nikachuchumaa. Koti jeusi likapita, raba nyeupe zikapita zimechanuka kulia na kushoto, zikapanda kuelekea ukumbini. Nikanyanyuka, nikajitwika majani, nikaenda zangu kukamua.

Jumapili asubuhi wanafunzi walimkuta Mwalimu chini ya jukwaa, koti mwilini, raba miguuni, amekufa. Tulisema ameteleza. Daktari akasema jeraha lile si la mtu aliyeteleza mwenyewe, kuna aliyemsukuma kwa nguvu. Askari wa upelelezi akaja kuuliza nani alimwona mwisho, na mimi kwa ujinga wangu wa kusema kweli nikasema nilimwona akipita jioni.

Basi. Nilijifunga kamba mwenyewe.

Maana kama Mwalimu alikuwa hai jioni, Gwamaka yuko salama. Kuanzia giza lilipotanda kabisa alikuwa Makandana kwenye mazoezi ya kwaya, watu wote walimwona, aliimba besi mpaka walipoagana. Aliyekuwa peke yake karibu na ukumbi ni mimi, mwanamke aliyemchukia marehemu waziwazi. Hamkuhitaji kufikiri zaidi, na kwa kweli hamkufikiri.

Kuanzia hapo msiba ukawa wangu kwa namna nyingine. Nilipopita na ndoo ya maji wanawake walinigeuzia mgongo. Chai niliyopika ilirudi jikoni imepoa, haijaguswa, lakini ubwabwa uliopikwa na wengine uliisha mpaka ukoko. Shangazi yake Lugano alilia kwa sauti akisema nyoka amelelewa ndani. Na Gwamaka, Mungu Kyala anaona, alilia kuliko wafiwa. Alishikwa na wanaume wawili asianguke.

Halafu baba mdogo, mdogo wake marehemu, akatoa uamuzi wa ukoo. Tukishazika, nirudi kwetu Nkunga. Binti yangu Atu abaki, ni damu yao. Mambo ya polisi yatanifuata huko huko.

Nilimtazama Lugano. Alikuwa anachana jani la mgomba vipande vyembamba vyembamba, kwa makini, mpaka likaisha. 

Hilo, Lugano, sijui kama nitalisahau.

Jumanne mchana nilikuwa jikoni nasugua sufuria, nikiwaza nitamwambiaje Atu. Mama mkwe akaingia na chupa ya mafuta ya kuchua. Mama huyu tu ndiye hakunigeuzia mgongo. Akakaa kwenye kigoda akaitazama chupa ile, akaanza kulia polepole. Akasema kwa Kiswahili chake cha Kinyakyusa kwamba mafuta haya sasa amchue nani, kwamba kila usiku alikuwa anachua nyonga ya kushoto ya mumewe, nyonga iliyokuwa imegoma kabisa. Mbele ya wanafunzi mzee aliulazimisha mguu ule ukae nje kama wa kulia, akirudi nyumbani anauma meno. Hakuna aliyejua, maana alimkataza kusema.

Sufuria ikanitoka mkononi.

Mimi nilijua. Njiani, akidhani hakuna anayemtazama, aliuachia. Muda mrefu sana miguu niliyoiona ikipita ilikuwa mmoja umechanuka nje na mmoja, wa kushoto, umenyooka mbele kama wa mtu yeyote. Na Jumamosi jioni raba zile zilichanuka zote mbili, vizuri sana, kama darasani.

Yule hakuwa baba mkwe.

Yule alikuwa mtu anayejua miguu ya Mwalimu ya darasani tu. Alivaa koti lake na raba zake, akaniona nakata majani, akakohoa kikohozi chake, akapita pale makusudi, kwa sababu alijua mkamwana atajifunika na baadaye ataapa mbele ya serikali kwamba baba mkwe alikuwa hai. Alitumia heshima yangu. Hilo ndilo linalonichemsha mpaka sasa. Angemdanganya mtu kwa tamaa yake ningeelewa. Mimi alinidanganya kwa adabu yangu.

Sasa nikaseme kwa nani? Wanaume walikuwa wamekaa uwanjani, na katikati yao baba mdogo, ambaye naye kwangu ni baba mkwe, naye simtazami. Nikaenda hivyo hivyo. Nikasimama nyuma ya migomba ya ua, nikawageuzia mgongo, nikaongea nikitazama ukuta wa choo. Ndivyo nilivyojitetea maisha yangu, jamani, nikitazama choo.

Nikaeleza nyonga. Nikaeleza miguu. Mama mkwe akasimama pembeni yangu akasema ni kweli, na akaeleza mafuta. Nikasema aliyepita Jumamosi ni mcheza bale mwenye nyonga nzima, na hapa Tukuyu wanaume wa hivyo hawazidi mmoja aliye hai.

Nyuma yangu kukawa na minong'ono. Wengine walicheka. Nikamsikia Gwamaka anainuka. Sauti yake ilikuwa ya huruma, kama anaongea na mgonjwa wa akili.

"Dada Tusa, una uchungu, tunakuelewa. Lakini ulijifunika gunia la mbolea kichwani na mvua ile. Ungeonaje miguu ya mtu?"

 Nikaacha kila mtu amalize kusikia.

Mkamwana hujifunika kitenge. Kila mtu anajua, na polisi nilisema nilijifunika, basi. Jumamosi ile mvua ilikuwa kubwa, nikavaa lile gunia la nailoni la mbolea, na nililiacha kule kule zizini kabla sijaingia nyumbani. Niliona aibu kwamba baba mkwe amepita nami nimejifunika gunia. Sikumwambia polisi, sikumwambia hata Lugano.

"Nani amekwambia habari za gunia?" nikauliza ule ukuta.

 Baba mdogo akamrudishia swali hilo hilo. Halafu Lugano, mume wangu, akapata ulimi ghafla akauliza naye. Nikasikia sahani inawekwa chini. Alikuwa askari wa upelelezi, ambaye tangu Jumapili alikuwa anakuja msibani kuchunguza na kula. Sikuona kitu, nilikuwa nimegeuka. Nilisikia tu kiti kinaanguka na watu wanakimbilia upande wa barabara, kisha Gwamaka analia, safari hii kilio chake cha kweli, kidogo na kibaya. Alisema hakukusudia. Alisema Mwalimu alimwambia kwamba Jumapili atamfukuza mbele ya wanafunzi wote, naye akamsukuma mzee kwa hasira, na ngazi ya saruji ya jukwaa ilikuwa nyuma. Labda. Lakini raba za maiti hazivuliwi kwa hasira. Zile alizifungua kamba akiwa ametulia, na akaja kuzifunga tena.

Jana wakati wa kuaga, shangazi akataka nibaki jikoni kama desturi. Baba mdogo akasema niachwe nipite. Hakusema samahani. Hakuna hata mmoja wenu aliyesema samahani, mlisema tu ninywe chai.

Nikapita. Nikainama juu ya jeneza, na kwa mara ya kwanza tangu harusi nikamtazama usoni.

Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Kichwani mwangu bado alikuwa yule mwanaume wa nywele nyeusi aliyenyooka, anayepiga sakafu kwa mwanzi akihesabu. Alikuwa amezeeka hivyo mita chache kutoka mlangoni kwangu, na sikuwa na habari.

Nilimchukia kijana. Huyu mzee sikuwahi kumjua.

Leo asubuhi mama mkwe amenipa ufunguo wa ukumbi. Amesema Mwalimu aliwahi kumwambia, mara moja tu, akiwa anachuliwa, kwamba mguu wa Tusa hajaupata tena kwa mwanafunzi mwingine. Mara moja tu, na hakumwambia mwenye mguu. Nimeuchukua ufunguo, na bado nina hasira naye.

Nikiwa nakuja huku mjini, pale pale chini ya ukumbi, nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Kabla sijafikiri nilikuwa tayari kwenye migomba, nimechuchumaa, nimejifunika kitenge. Vikapita viatu vya mpira, miguu imenyooka, mtu na ndoo yake ya maziwa. Akanisalimia, ugonile, akaenda zake.  Nilikaa pale kwenye tope nikalia, mimi niliyesema sitamlilia.

Kesho nafungua ukumbi. Atu atakuwa wa kwanza kushika mwanzi, na huyo mwekezaji akitaka ghala aje aniombe mimi. Lugano atajipikia. Na ile njia nitaipita katikati, kichwa juu, hata nikisikia mtu anakohoa.

Nitajaribu.