Kila Nikibonyeza "Huru" Naitwa

Mpendwa Shangazi wa gazeti, naomba kwanza msamaha kwa kuchelewa, maana barua hii naiandika kichwani tangu mwanangu hajaota jino na sasa anayo manne, kila nikishika kalamu anaitaka yeye, lakini leo nimempa kijiko na kifuniko cha sufuria, anapiga ngoma yake, na mimi naandika haraka kabla hajachoka.

Shangazi, mimi napokea simu za wateja katika kampuni ya maji. Tunavaa simu kichwani, hazina waya, na kwenye kompyuta kuna vitufe vitatu, Kazini, Mapumziko na Huru, na hiki cha Huru ndicho kituko, kwa sababu maana yake si kwamba niko huru, maana yake niko tayari kupigiwa, yaani nikikibonyeza tu, mtu nisiyemjua ananigombeza kuhusu bomba, na nimezoea hivyo hadi siku moja wifi yangu aliniuliza kama niko huru Jumapili nikamjibu, "Karibu, nikusaidie nini?" akacheka mpaka akakaa chini.

Sasa mwezi uliopita nilikwenda stoo kumkamulia mtoto maziwa kama kawaida, na maziwa yangu hayatoki bila kuimba, ndivyo yalivyo, basi nikaimba ule wimbo wangu wa kumbembelezea, nimeutunga mwenyewe, una beti mbili na hauna akili yoyote, kumbe badala ya Mapumziko nimebonyeza Huru, na simu iko kichwani. Nilipomaliza ubeti wa kwanza nikasikia sauti ya mzee, taratibu kabisa: "Binti yangu, bomba linavuja hadi barabarani, lakini usikate wimbo, mjukuu wangu ndiyo kwanza anasinzia."

Nikaimba wa pili, ningefanyaje, kisha nikaandika alipo na mafundi wakaenda. Lakini simu zetu hurekodiwa, msimamizi akaisikia, nikajua kazi imekwisha, kumbe amecheka hadi kufuta machozi, na ofisi nzima sasa wananiita Redio. Akanihurumia, akasema mama anayenyonyesha hafai kukaa kati ya mifagio na ndoo, nichukue kompyuta nifanyie kazi nyumbani siku zote, "huko utakuwa huru," niweke sahihi Ijumaa.

Kila mtu amefurahi. Mume wangu ni fundi viatu, mwanamume mwema, amesema sasa tutakula mchana pamoja na nitapika huku naongea na wateja. Mama mkwe amesema ataniletea na watoto wa wifi niwaangalie, si nitakuwepo tu. Ni mimi peke yangu nisiyefurahi, na sababu naona haya kuitaja. Kutoka nyumbani hadi kazini natembea dakika ishirini, na hapo katikati hakuna anayenitaka. Nanunua ndizi moja naila yote, simgawii mtu, naangalia nguo madukani, juzi nilisimama kumtazama mchoraji wa bango la saluni akisahau herufi na kurudi kuipenyeza, nikacheka mwenyewe njia nzima. Nampenda mwanangu, ndiye mboni ya jicho langu, lakini dakika zile nazipenda pia.

Nilijaribu kumweleza mume wangu. Akasema kwa upole, "Mke wangu, nani yuko huru siku hizi? Mimi mwenyewe natawaliwa na visigino vya watu." Na kweli, hata msimamizi ana simu mbili na mkubwa wake humpigia akiwa chooni, tunasikia. Basi Shangazi, kuna mtu aliye huru kweli, au mimi nina tamaa? Jibu liwe fupi, maana nasoma nimesimama.

Redio

*

Redio mwanangu,

Nimecheka hadi mwandishi wa michezo akaja mezani kwangu kuuliza kuna nini. Sasa kaa chini, hata kama mtoto analia, nikwambie.

Mumeo amesema kweli, ila ameishia njiani. Aliye huru kabisa hayupo. Mimi nina mhariri, mhariri ana mwenye gazeti, na mwenye gazeti ana mke, nimewaona, hachagui hata shati. Mtu ni watu. Asiyeitwa na yeyote hajawa huru, amekuwa mpweke, na wewe hukuomba upweke. Lakini kuna kufungwa na kuna kujifunga. Mtoto umemfunga mgongoni kwa mikono yako na fundo unajua kulifungua. Hili la Ijumaa wanakufungia wengine, tena kwa nia njema, na fundo la nia njema ni gumu kuliko yote kwa sababu unaona haya kulivuta.

Tamaa? Dakika ishirini na ndizi? Wenye tamaa nawajua, wananiandikia kila wiki. Wewe huna hata dalili.

Hata hivyo nakugombeza. Mama mkwe aliposema ataleta watoto, ulijibu nini? Hukuandika, kwa hiyo najua ulinyamaza. Kunyamaza huko ndiko kubonyeza Huru. Mwambie leo, kwa heshima zote: "Mama, nyumbani nitakuwa kazini." Maneno manne, usiongeze la tano. Mumeo mpeleke Jumamosi mtembee njia ile ile, mtoto abebe yeye, wala usimweleze kitu. Mtu wa viatu ataelewa kutembea.

Kwa msimamizi nenda Alhamisi. Mshukuru, ana moyo mzuri. Kisha mwambie unataka siku mbili nyumbani na tatu ofisini, na kwamba ofisini mifagio ihame na mlango utiwe komeo. Akiguna, nyamaza umtazame, hapo ndipo kunyamaza kunafaa. Atakubali. Hana mwingine anayeweza kumtuliza mwenye bomba linalovuja.

Akishakubali, usitie sahihi mpaka haya yameletwa mlangoni kwako: kiti chenye mgongo, maana cha jikoni kitakumaliza kiuno, simu ya kichwani ya pili, ya akiba, kwa kuwa ya kwanza mwanao ataitafuna, meza inayokunjwa, ili kazi ikiisha ikae nyuma ya mlango, na barua yenye muhuri inayosema kazi inaanza saa mbili asubuhi na kwisha saa kumi jioni, iandikwe kwa maneno, si kwa tarakimu. Vingine vyote vikija bila barua, virudishe na gari lile lile.